Tonge la Siku ya Kabichi

Haerim alikuwa anabandika macho kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Alikuwa na tepu nyembamba kama ngozi ya kitunguu, imekatwa vipande vidogo vilivyopinda kama kucha. Anachukua kipande kimoja, anakiweka juu ya kope, anakisukuma ndani kwa kijiti cha plastiki mpaka kope inajikunja. Halafu jicho la pili. Akimaliza anafungua macho kwa nguvu mbele ya kioo, kama mtu aliyeshtuliwa, kuhakikisha mkunjo haurudi ulikotoka. Jioni anavibandua na kuvisahau. Nilikuwa navikuta kwenye vigae vya bafuni, navikuta kwenye sabuni, na siku moja nilikikuta kimoja kwenye shavu la mwanangu Yuna, amelala nacho.

Mimi ni mke wa kaka yake. Niliolewa hapa Goesan, Korea, nikitokea Vietnam, na huu ni mwaka wa sita. Shule niliishia ya msingi, na Kikorea nilijifunzia jikoni kwa mama mkwe, kwa hiyo naongea kama bibi kizee wa kijijini. Haerim alinicheka sana siku za mwanzo. "Wifi, ukipiga simu benki watadhani una miaka themanini!"

Macho yangu mimi yana mkunjo wa kuzaliwa nao. Hapa hilo ni jambo kubwa. Wanawake wa kijiji walikuwa wananishika kidevu na kunigeuza usoni kama wanachagua tikiti. "Tazameni macho ya Mama Yuna! Wenzake wanalipia, yeye kayapata bure kabisa!" Na haohao, nikienda gulioni, walinitajia bei mara mbili, polepole na kwa sauti kubwa, kana kwamba mkunjo umeniziba masikio.

Haerim alinitazama sana macho haya. Siku moja tunamenya vitunguu saumu akaniuliza, "Wifi, hebu niambie ukweli. Hayo macho yamekusaidia nini?"

Nikafikiri. "Yananisaidia kuona," nikasema.

Akacheka mpaka kisu kikamponyoka. Haerim akicheka, macho yake yanapotea. Yanabaki mistari miwili tu. Yuna anaupenda mchezo huo kuliko katuni. "Shangazi, fanya macho yaishe!" anamwambia, na Haerim anacheka kwa makusudi, macho yanaisha, mtoto anapiga kelele kwa furaha. Mzee wa nyumba hii, baba mkwe, naye alikuwa hivyohivyo. Sikumkuta hai, lakini picha yake iko sebuleni juu ya friji ya kimchi, ile kabichi iliyochachushwa kwa pilipili. Anacheka pale, na macho hayaonekani.

Habari ya kupasuliwa macho ilianza Haerim akiwa mwaka wa pili wa sekondari ya juu. Alirudi siku hiyo ana macho mekundu, akajifungia. Darasani walikuwa wamepigwa picha ya pamoja, na mwenzake mmoja akaandika kwenye kundi la simu: Haerim ulikuwa umelala? Wote wakacheka. Mama mkwe akasimama nje ya mlango wa chumba chake, mkono bado una unga, akasema, "Usilie. Maliza mtihani wa chuo kikuu, mama atakufanyia macho. Naahidi."

Nadhani aliahidi kama unavyomwahidi mtoto pipi ili anyamaze. Lakini ahadi ya hapa haifi. Wazazi wengi wanawapa mabinti zao macho kama zawadi ya kumaliza mtihani. Kliniki zenyewe zinatangaza, ukija na karatasi yako ya mtihani unapunguziwa. Mama mkwe akaanza kuweka pembeni pesa za pilipili. Akamwambia jirani, jirani akamwambia mwenzake, na kabla ya mwaka kuisha kijiji kizima kilijua kwamba binti wa mwisho wa Mama Gyusik, akimaliza mtihani, atapata macho.

Gyusik ni mume wangu. Yeye, alipoulizwa anaonaje, alisema, "Mambo ya wanawake hayo," akatoka kwenda kuangalia trekta ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Mtihani ukafanyika Alhamisi moja ya Novemba. Na tangu siku hiyo sikuona tena kipande cha tepu bafuni. Wiki ya kwanza nikasema labda amechoka. Wiki ya pili nikatazama kwenye sabuni, nikatazama kwenye kigae, nikatazama hata kwenye pipa. Hakuna. Kila siku alitoka na macho yake yaleyale, akaenda shule, akarudi. Nikalinyamazia jambo hilo, lakini nililishika.

Kitu cha pili nilichokiona kilikuwa kwa mama mkwe. Dada yake mdogo, Misuk, anayeuza nguo Seoul, alituma kijitabu cha kliniki chenye picha za wasichana, uso wa kwanza na uso wa pili. Mama mkwe alikifungua mara moja, akakifunga, akakiweka chini ya ndoo ya mchele, kisha akaniuliza bila kunitazama, "Mama Yuna. Kwenu nako wanawachana watoto macho?"

"Mjini, mama. Wenye pesa."

"Wanaumia?"

"Nasikia wanavimba siku kadhaa."

"Mh," akasema. Akaosha mchele uleule mara nyingi kuliko unavyohitaji kuoshwa.

Basi nikawa katikati. Binti nilimwona hataki, na mama yake nilimwona anaogopa. Lakini kila mmoja akikutana na mwenzake alikuwa anatabasamu na kusema, "Karibu sasa, ee?" na mwenzake anajibu, "Karibu." Mke wa mtoto, tena wa kutoka mbali, anaanzia wapi kuwaambia watu wa nyumba wanachokitaka? Nilingoja.

Siku iliyopangwa ilikuwa Jumamosi, kwa sababu ndiyo siku pekee ambayo Misuk angeweza kuomba ruhusa dukani na kuja na gari. Bahati mbaya, au sijui niite nini, Jumamosi hiyohiyo ilikuwa siku yetu ya kabichi. Kimchi ya majira ya baridi haitengenezwi na nyumba moja. Leo tunajaza kabichi za kwetu, kesho za jirani, keshokutwa za mwingine, na siku zikishapangwa hakuna wa kuzivuruga, maana baridi kali haimngoji mtu. Kwa hiyo wakakubaliana: asubuhi Misuk atasaidia kabichi, saa saba mchana atamchukua Haerim, saa kumi jioni yuko mezani kwa daktari. Macho, na pua ambayo Misuk alishauri iongezwe, vyote kwa pamoja, kwa dawa ya usingizi. Tangu asubuhi asile kitu, asinywe hata maji. Nesi alipiga simu kulisisitiza hilo. Chakula kikiwa tumboni, alisema, mgonjwa anaweza kutapika akiwa usingizini, na kinachotoka kikaingia kwenye mapafu.

Misuk alifika Ijumaa alasiri, tukiwa tunatia kabichi chumvi uani. Nampenda Misuk. Anaingia na kelele zake na mifuko ya soksi za bure, na huwa hasahau kumletea Yuna kitu. Yeye alifanya macho zamani, akafanya pua, kisha akachonga taya ili uso uwe mdogo. Ni mzuri kweli, anaonekana kama picha. Ila taya lile halifunguki sana. Anakula vipande vidogovidogo kama ndege, na upande wa kushoto wa mdomo haujui kinachopita juu yake.

"Mtahiniwa wetu yuko wapi?" akapaza sauti. "Njoo hapa nikuage! Uso huu nauona kwa mara ya mwisho!"

Haerim akaja, glavu za mpira mpaka kwenye viwiko. Akainama kumsalimu.

"Unaogopa?"

"Hapana, mama mdogo."

"Muongo. Mimi nilikaribia kujikojolea. Lakini ukiamka, yamekwisha. Si unataka kufundisha chekechea? Sasa hivi hata huko wanachagua kwa picha. Kuna binti wa rafiki yangu, maombi ishirini, kimya. Kafanya macho, ombi la kwanza tu, kaitwa."

"Pengine ombi la ishirini na moja lilikuwa limeandikwa vizuri," Haerim akasema.

"Haya, jifanye mjanja. Dada, huyu umemlisha nini mpaka ana mdomo hivi?"

Mama mkwe akacheka, akaendelea kunyunyiza chumvi kati ya majani. Jioni tulikaa kula supu ya majani ya figili. Misuk alikuwa anasimulia habari ya mteja aliyerudisha koti baada ya kulivaa harusini, na supu ikamtiririka kushoto, ikashuka kidevuni. Hakuhisi. Aliendelea kusimulia huku anacheka. Mama mkwe akanyoosha mkono, akamfuta kwa kidole gumba, upesi, kama unavyomfuta mtoto, wala hakukatiza hadithi. Misuk naye hakukatiza. Ilionekana wamezoea.

Haerim aliona. Alishusha kijiko, akatazama bakuli lake.

Baadaye kidogo alinifuata bombani, nilikokuwa nageuza kabichi zilizokuwa chini zije juu. Akachuchumaa kando yangu, akaingiza mikono kwenye maji ya chumvi.

"Wifi, kwenu ukipewa zawadi kubwa na huitaki, unafanyaje?"

"Inategemea nani katoa."

"Mama yako. Kaikusanyia miaka miwili. Na kijiji kizima kinajua."

Nikageuza kabichi moja, nikageuza ya pili. "Umemwambia?"

"Nitamwambiaje? Mimi ndiye niliyelia. Kalima pilipili kwa mgongo ule mbovu kwa sababu mimi nililia." Akazamisha kabichi moja kwa kiganja. "Zamani niliyataka, wifi. Nilikuwa naota. Halafu siku ya mtihani niliamka nimechelewa, sikubandika kitu, nikaenda hivihivi. Nikakaa siku nzima na watu wengi, na hakuna aliyeniangalia. Kila mtu anaangalia karatasi yake. Nikarudi nyumbani, nikasema, kumbe."

"Kumbe nini?"

"Kumbe, basi."

Nilitaka kumwambia nilichokiona kwa mama yake, kijitabu kile chini ya ndoo ya mchele. Nikafungua mdomo. Lakini mama mkwe akatokea mlangoni na tochi, akauliza kama chumvi imeingia, na Haerim akasimama haraka na tabasamu lake. "Imeingia, mama."

"Kalale. Kesho siku yako kubwa."

"Ndiyo. Karibu sasa, ee?"

"Karibu," akasema mama yake.

Asubuhi kulikuwa na barafu nyembamba kwenye beseni. Tuliosha kabichi, tukazipanga zichuje maji, na majirani wakaanza kuja na aproni zao na glavu zao. Bibi Suanbo akaja wa kwanza, kama kawaida. Ana miaka themanini na mbili, anaitwa hivyo kwa sababu aliolewa akitokea Suanbo, na ulimi wake haujawahi kuvaa nguo. Tulitandaza turubai uani, tukamwaga katikati figili zilizochanwa, unga wa pilipili, vitunguu saumu, tangawizi, uduvi wa chumvi, majani ya vitunguu, na Gyusik akavikoroga kwa mikono yote miwili kama anachanganya saruji. Kisha tukakaa kuzunguka, kila mtu na kabichi yake mapajani, kufungua jani moja baada ya jingine na kupaka.

Haerim alikaa kati yangu na mama yake. Uso wake ulikuwa mweupe kwa njaa na kwa baridi.

"Huyu ndiye wa macho?" Bibi Suanbo akauliza, utadhani hamjui tangu kuzaliwa.

"Ndiye, bibi."

"Leta nione. Mh! Macho ya baba yake matupu. Baba yako alikuja kumchumbia huyu mama yako, akacheka barazani kwetu, nikasema jamani huyu bwana kasinzia? Kumbe kafurahi."

Wote wakacheka. Mama mkwe hakucheka. Aliendelea kupaka pilipili kwenye jani lililokwisha kupakwa.

"Bibi, usimtie mtoto woga," Misuk akasema. "Siku hizi ni jambo dogo. Kama kuzibua masikio."

"Mimi masikio yangu sikuyazibua na nayasikia yote unayosema." Bibi akamnyooshea kabichi. "Wewe nawe, ulipokuwa mtoto hapa kijijini ulikuwa na uso kama mwezi. Mapaja ya kuku haya nilikuwa nakupa, unatafuna mpaka mfupa. Sasa unadonoa."

"Bibi!" watu wakasema.

"Nini? Si nampenda?"

Misuk akacheka pamoja na wote, na mkono wake ukaenda kushoto ya mdomo, kuhakikisha.

Karibu saa sita harufu ya nyama ikaanza kutoka jikoni. Siku ya kabichi huchemshwa nyama ya nguruwe, mapande makubwa, pamoja na tangawizi na majani ya vitunguu, na huliwa hapohapo uani na kimchi ambayo haijalala hata saa moja. Mimi ndiye niliyeileta kwenye ubao, nikaikata ikiwa inatoa moshi. Watu wakaacha kupaka. Misuk akatazama saa, akasema anakwenda kuwasha gari lipate joto na kuondoa mifuko kwenye kiti, akatoka.

Sasa, kuna jambo la siku hiyo ambalo ni la mikono, halipiti kichwani. Mwanamke anayeongoza kazi huvunja jani changa la ndani, la njano, analipaka, anaweka kipande cha nyama, anakunja tonge, na kulitia mdomoni kwa mtu aliye karibu. Hamuulizi. Anasema tu "aaa," na mtu anafungua. Mkubwa akikuletea tonge mdomoni, huligeuzii uso. Mama mkwe amefanya hivyo kila mwaka niliomkuta. Mwaka wangu wa kwanza, sijui neno hata moja, alinitia tonge kubwa mpaka machozi yakanitoka, na hivyo ndivyo alivyonikaribisha.

Akamtilia Bibi Suanbo. Akanitilia mimi. Akakunja la tatu, nono, lenye mafuta upande mmoja na uduvi umening'inia, na huku anaongea na jirani juu ya chumvi ya mwaka huu akageuka kushoto, kwa binti yake, kama alivyogeuka miaka yote kumi na minane.

"Aaa."

Mimi niliona. Nyama yangu ilikuwa bado mdomoni, lakini ningeweza kusema kitu, hata kuguna tu. Haerim alilitazama tonge. Halafu akanitazama mimi. Alikuwa anajua vizuri sana ni siku gani na ni saa ngapi. Nikatafuna changu polepole, nikatazama ubao wa nyama.

Akafungua mdomo. Akaufungua mpaka mwisho, kama mtoto wa ndege, na mama yake akalisukuma tonge ndani kwa kidole, akampigapiga shavu kwa glavu yenye pilipili, akageukia tena jirani yake. "Kwa hiyo nikamwambia chumvi hii ina unyevu…"

Akageuka tena upesi.

Haerim alikuwa anatafuna. Shavu limejaa, juisi nyekundu kwenye pembe ya mdomo, macho yameisha.

"Tema," mama mkwe akasema. "Haerim. Tema!"

Haerim akameza. Tuliliona likishuka.

"Mama yangu mzazi," akasema jirani.

Misuk akarudi anapiga makofi. "Haya, bibi harusi, twende, njia itajaa…" Akasimama. Aliona midomo myekundu. Aliona lile doa la pilipili shavuni, la vidole vinne. "Umekula?"

"Nimekula, mama mdogo."

"Nani kampa?"

Wote tukatazama glavu ya mama mkwe. Yeye mwenyewe akaitazama, ameiinua hewani kama si yake.

"Dada!"

"Nimesahau," mama mkwe akasema. "Mkono… mkono umeenda wenyewe, Misuk."

"Miaka miwili unasubiri siku hii, mkono unaenda wenyewe?"

"Unajua ulivyo mkono siku ya kabichi," Bibi Suanbo akasema, na akajichukulia nyama nyingine.

Misuk akashika kichwa. Kisha akachuchumaa, akateremsha sauti. "Sikilizeni. Ni tonge moja. Bado kuna saa nne nzima kabla ya daktari. Tukifika, nesi akiuliza, tunasema hajala. Nani atajua? Mimi mwenyewe nilikunywa kahawa siku ile, nikanyamaza, na niko hapa."

Sijawahi kumwona mama mkwe akisimama haraka hivyo, na mgongo ule. Kabichi ikaanguka kutoka mapajani. "Hapana!"

"Dada, tonge moja…"

"Nimesema hapana! Nesi kasema mapafu. Nimsindikize mwanangu akasongwe na nyama niliyomlisha mwenyewe? Kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya kope?" Sauti ikapasuka kwenye neno hilo la mwisho. Nyuma yake maji yalikuwa yanadondoka kwenye vichungio vya kabichi.

Misuk akatoa simu. Alikuwa na haki, hata yeye. Alikuwa ameomba ruhusa, ameendesha gari, ameweka nafasi kwa jina lake. Akaongea na kliniki, akaeleza, akaomba radhi mara nyingi. Kisha akafunika simu kwa kiganja. "Leo haiwezekani. Wanasema Jumanne asubuhi ipo nafasi. Nitaomba tena dukani. Dada, Jumanne?"

Mama mkwe akamtazama Haerim. Nikaona uso wake unatafuta lile tabasamu la "karibu sasa," na haulipati.

"Jumanne, mwanangu?" akauliza. "Ni wewe tu. Mama aliahidi."

Haerim akajifuta mdomo kwa nyuma ya mkono, akajipaka pilipili zaidi. Akanitazama mara moja, halafu akamtazama mama yake.

"Mama," akasema. "Jumanne pia nitakula."

"Nini?"

"Jumanne nitakula. Na Jumatano. Siku yoyote mtakayopanga, asubuhi nitaamka, nitakula wali mabakuli mawili." Na hapo akaanza kulia, lakini kilio cha mtu aliyetua mzigo, pua inatoka na maneno yanatoka. "Sitaki, mama. Nilitaka zamani. Najua umechoka kwa ajili yangu, najua pilipili, nisamehe. Ila sitaki."

Nilidhani mama mkwe atamkumbatia. Hakumkumbatia. Alikaa chini palepale juu ya turubai, kwa kishindo, akatoa pumzi ndefu sana, nikafikiri haitaisha. Kisha akampiga binti yake begani, paa!

"Si ungesema!"

"Ulikuwa umefurahi!"

"Nani kafurahi? Mimi? Wiki ngapi silali! Kila nikifunga macho nakuona umefungwa bandeji, nasema akifunguliwa akicheka atakuwa nani? Nitamwona wapi tena yule…" Akaelekeza kidole nyumbani, upande wa sebule, juu ya friji ya kimchi, na hakumaliza.

"Si ungesema na wewe!" Haerim akasema.

"Wewe ndiye uliyeyataka!"

"Mlitaka kunichanganya nyie wawili," Misuk akasema. Bado ameshika simu. Nesi alikuwa anaita huko ndani, haloo, haloo. Misuk akaiweka sikioni. "Samahani sana, nesi. Futa. Ndiyo, futa kabisa. Hapana, hana mafua. Amekula nguruwe."

Bibi Suanbo ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka bila meno, akapiga turubai kwa kiganja, na kicheko kikazunguka uani kama moto kwenye nyasi. Gyusik akatoka nyuma ya banda, ambako nadhani alikuwa amejificha tangu kelele zianze, akauliza kuna nini. Mama yake akamwambia, "Njoo ufungue mdomo," akamtia tonge.

"Na pesa za pilipili je?" jirani akauliza.

"Friji ya pili ya kimchi," akasema Bibi. "Mtoto anakula namna hii, mtahitaji."

Haerim alikuwa amekaa na nyama mkononi, anakula kama mtu aliyefunga wiki nzima, machozi bado hayajakauka. Yuna akamtambalia mapajani, akamgusa kope kwa kidole kimoja. "Shangazi, fanya yaishe." Hakuhitaji kufanya kitu. Yalikuwa yameisha tayari.

Misuk peke yake ndiye aliyebaki amesimama karibu na mlango wa ua, funguo za gari mkononi. Alikuwa anatabasamu, lakini hakujua aende wapi. Mama mkwe akamwona. Akachagua jani jingine la ndani, changa, akalichana katikati kwa urefu, akalichana tena. Akavua glavu, akakata nyama kwa kucha ikawa nyembamba. Akakunja tonge dogo, la ukubwa wa kidole.

"Misuk," akaita. "Njoo hapa."

"Mimi nimeshiba kwa hasira."

"Njoo, wewe mtoto."

Akaja, akachuchumaa mbele ya dada yake na koti lake zuri la mjini, pindo zake zinagusa pilipili. Akafungua mdomo kadiri unavyofunguka. Tonge likapita. Juisi kidogo ikatoka kushoto, na mama mkwe akaifuta kwa kidole gumba.

"Ina chumvi?" akauliza.

Misuk akatafuna, akafikiri. "Kidogo," akasema. "Ongeza figili."

Nikavuta beseni la figili, nikaanza kuchana. Zilikuwa zimebaki kabichi nyingi sana, na jua la Novemba linawahi kuzama.